Bahari Inayochimba Chini ya Barafu

Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, hata watoto wanajua kwamba nyumba yaweza kuonekana nzima, kumbe chini yake hakuna udongo. Mwaka 2014 mkaaji mmoja alichimba shimo katika kiwanja chake, akakuta mawe ya kobalti. Habari ilienea upesi. Watu wakaanza kuchimba uani, kisha ndani ya nyumba zenyewe, wakafunika midomo ya mashimo kwa turubai. Shimo lilishuka wima, halafu likageuka na kufuata mawe upande upande, mpaka chini ya nyumba ya jirani. Jirani alikuwa akila bukari yake kwa amani, hajui kitu. Siku moja akaona ufa ukutani.

Mbali sana na Kolwezi, kwenye ncha ya kusini ya dunia, kuna nyumba nyingine inayochimbwa hivyo hivyo. Nyumba hiyo ni ya barafu, na mchimbaji wake ni bahari.

Barafu si kitu kigeni kabisa katika Kongo. Upande wa Beni, mpakani na Uganda, umesimama mlima Rwenzori, na kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109. Huko juu pana barafu ya miaka mingi. Mwaka 1906 ilikuwa imeenea zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwaka 2003 ilikuwa haifiki hata kilometa moja. Barafu ya Rwenzori inaliwa kutoka juu, kwa jua na kwa hewa iliyozidi joto. Lakini katika bara la kusini, linaloitwa Antaktika, baridi ni kali mno, hata mahali pengi hewa haiwezi kuyeyusha kitu. Barafu huko ina unene wa kilometa mbili hivi, na mahali pengine zaidi ya nne. Basi, joto linapitia wapi? Linapitia chini.

Barafu ya Antaktika haikai kimya. Uzito wake waisukuma polepole kuelekea pwani, kama uji mzito unaotambaa katika sahani iliyoinamishwa. Hiyo ni mito ya barafu. Mto huo ukifika baharini haukatiki mara moja, bali unaendelea mbele ukielea juu ya maji, ungali umeshikamana na barafu ya nchi kavu. Sehemu hiyo inayoelea yafaa kuitwa baraza la barafu, kwa maana imetoka mbele ya nyumba kama baraza linalokaliwa jioni. Ila ukubwa wake si wa kawaida. Baraza la Ross, ambalo nahodha James Clark Ross aliliona mwaka 1841, linakaribia nchi nzima ya Ufaransa kwa upana.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza hivi: baraza likiyeyuka, je, bahari itapanda? Jibu linashangaza. Mtu akitia kipande cha barafu katika glasi, akajaza maji mpaka ukingoni, kisha akangoja, barafu itayeyuka yote na maji hayatamwagika. Barafu inayoelea imekwisha kuchukua nafasi yake ndani ya maji. Lakini akitia kipande kingine kutoka nje, maji yatamwagika mezani. Kipande hicho cha pili ndicho barafu ya nchi kavu, na baraza ndilo linaloizuia isiteremke. Mwaka 2002 baraza moja, Larsen B, lenye kilometa za mraba 3,250 hivi, lilivunjika kwa muda wa mwezi mmoja tu. Hilo liliharibiwa hasa na madimbwi ya kiangazi yaliyojaza nyufa zake kutoka juu. Mara baada ya kuvunjika, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ikaanza kukimbia mara kadhaa kuliko kwanza.

Sasa yafaa kumtazama mchimbaji mwenyewe. Kuizunguka Antaktika yote unapita mkondo wa bahari ulio mkubwa kuliko yote duniani. Mto Kongo, ambao kule Kolwezi bado ni Lualaba tu, unamwaga baharini meta za ujazo 40,000 hivi kila sekunde. Mkondo ule unachukua zaidi ya mara 3,000 ya maji hayo. Juu ya bahari hiyo maji ni baridi kabisa. Chini, kwenye mita mia kadhaa, kuna maji yenye joto kidogo. Katika sufuria maji ya moto hupanda juu, lakini haya yana chumvi nyingi, na chumvi yanayafanya kuwa mazito, ndiyo sababu yanabaki chini.

Joto lenyewe ni digri moja hivi juu ya sifuri. Mtu wa Kolwezi akitia mkono humo atapiga kelele kwa baridi! Lakini barafu inayoguswa na maji ya chumvi huyeyuka hata kwenye digri mbili chini ya sifuri. Kwa barafu, basi, maji hayo ni kama moto.

Yanapoingia chini ya baraza, yanayeyusha sehemu ya chini ya barafu. Maji yanayotoka ni matamu, tena mepesi, kwa hiyo yanapanda yakifuata dari ya barafu mpaka nje. Jambo kama hilo laonekana Banana, Mto Kongo unapoingia Atlantiki: maji matamu ya mto, yenye rangi ya chai, yanatandaa mbali juu ya maji ya chumvi. Na maji mepesi yakiondoka chini ya baraza, mengine yenye joto yanavutwa kuingia mahali pake. Hivyo kuyeyuka kwenyewe kunauita mkondo.

Kazi hiyo ni kubwa hasa katika bahari ya Amundsen. Roald Amundsen alikuwa kijana katika Belgica, meli ya Wabelgiji iliyoondoka Antwerp mwaka 1897. Mwaka 1898 meli hiyo ilinaswa na barafu katika bahari ya jirani, ikachukuliwa huku na huku na barafu ile zaidi ya mwaka mmoja, mpaka mabaharia wakakata njia kwa misumeno. Katika bahari ya Amundsen unaingia mto wa barafu uitwao Thwaites, wenye upana wa kilometa 120 hivi. Mwezi wa kwanza mwaka 2020 wataalamu walitoboa barafu yake kwa maji ya moto, wakapata shimo jembamba la mita 600 hivi, wakateremsha chombo kirefu chembamba kiitwacho Icefin, chenye kamera na taa. Hakikuwa na mtu ndani. Kilionyesha kwamba dari ilipo laini na tambarare, barafu inayeyuka polepole kuliko walivyodhani. Lakini penye nyufa na ngazi ngazi, maji yanakula upesi. Nyufa zinapanuka kwanza, kama kule Kasulo.

Maji ya chini yanasukumwa kuelekea pwani ya barafu na pepo, na wataalamu wengi wanaona kwamba pepo hizo zimebadilika kwa sababu dunia inazidi joto kwa moshi wa makaa na mafuta. Kobalti ya Kasulo inatiwa katika betri za magari yasiyochoma mafuta. Wanaoyaendesha ni wachache wanaojua jina la mtaa huo.

Barafu ya Thwaites ikiingia baharini yote, bahari zote zitapanda karibu sentimeta 65. Haitatokea kesho, wataalamu wanabishana kama ni karne moja au nyingi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, haitalowa. Kongo ina pwani fupi sana, kama kilometa 40 tu: Muanda, Banana, na misitu ya mikoko penye mdomo wa mto. Huko watu wamejenga karibu na maji, na mawimbi yamekwisha kuanza kukata ukingo wa udongo ulio chini ya nyumba zao.