Msimwachie Katekista Peke Yake

Wengi hutuletea mtoto kwa mafundisho ya Kipaimara, nao wakabaki nyumbani. Akishapakwa krisma, hatumwoni tena kanisani. Hapo wazazi hulaumu simu, shule ya bweni, marafiki wa mjini. Ni kweli, hayo yana nguvu. Lakini siku ya Ubatizo walioahidi kumlea katika imani ni baba na mama. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliita familia Kanisa la nyumbani.

Baba, mtoto alikuona lini umepiga magoti?

Anzeni usiku huu. Zimeni televisheni, mseme tendo moja tu la Rozari. Kijana akinung'unika, msigombane naye, ninyi salini. Na mkiwa mmekosana, ombaneni msamaha mbele yake.