Kunyoa kwa Gharama Nafuu: Okoa Shilingi, Lakini Wembe Uwe wa Mtu Mmoja

Katika maduka mengi ya Mumias, wembe hukaa karibu na kiberiti na majani chai. Ni kitu kidogo, na kwa kuwa ni kidogo hatukiandiki katika bajeti ya nyumba. Lakini nyumba yenye baba, mama na vijana watatu hununua nyembe mwaka mzima, na vijana hao wakianza kutumia sheva za kisasa zenye vichwa vya kubadilisha, gharama hupanda bila mtu kujua pesa imeenda wapi. Kwa mkulima wa miwa aliyezoea kungoja malipo, shilingi hizo si kidogo.

Pesa ikipungua, wengi hukimbilia njia moja ya kuokoa: wembe mmoja unatumiwa na nyumba nzima. Njia hiyo ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu bili yake hulipwa hospitalini. Somo hili linaonyesha njia nyingine. Ukimaliza kulisoma utaweza kufanya mambo manne: kupiga hesabu ya gharama halisi ya kunyoa, kuufanya wembe wako udumu, kuchagua njia inayofaa nyumba yako, na kujua ni wapi hutakiwi kubana matumizi.

1. Kwa nini kichwa cha sheva ni ghali?

Mwaka wa 1903 Mmarekani aitwaye King C. Gillette alianza kuuza kishikio cha chuma chenye wembe mwembamba wa kubadilishwa. Mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwaka wa 1904 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake. Kabla ya hapo mwanamume alikuwa na kisu cha kunyolea kilichonolewa mara kwa mara na kutumika kwa miaka mingi. Tangu hapo, kunyoa kukawa ni kununua tena na tena.

Hataza ilipoisha muda, viwanda vingine vikaruhusiwa kutengeneza nyembe za umbo lilelile. Ndiyo sababu wembe wa pande mbili unaouona dukani leo, wa kampuni yoyote ile, unaingia katika kishikio cha kampuni yoyote. Kwa kuwa wauzaji ni wengi na umbo ni moja, bei hubaki chini.

Sheva za kisasa zenye nyembe mbili, tatu au tano kwenye kichwa kimoja ni tofauti. Kila kampuni ina umbo lake. Ukinunua kishikio, umejifunga kununua vichwa vya kampuni hiyohiyo. Kishikio huweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Faida hutafutwa kwenye vichwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye duka si bei ya kishikio peke yake. Uliza: "Na wembe wake unauzwa pesa ngapi, na ni nani mwingine anauuza?"

2. Piga hesabu kwa kila unaponyoa

Bei ya pakiti hudanganya. Bei ya kweli ni bei ya kunyoa mara moja. Kanuni ni hii:

Bei ya wembe ÷ idadi ya mara unazoutumia = gharama ya kunyoa mara moja.

Tuchukue mfano wa mwanamume anayenyoa ndevu mara mbili kwa wiki, yaani mara 104 kwa mwaka. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka bei za duka lako mahali pake.

Sheva ya plastiki ya kutupa: inanunuliwa kwa shilingi 30 na kutumika mara 3. Kila akinyoa ni shilingi 10. Kwa mwaka ni shilingi 1,040.

Sheva ya kubadilisha kichwa: kichwa kimoja ni shilingi 300 na hutumika mara 12. Kila akinyoa ni shilingi 25. Kwa mwaka ni shilingi 2,600, kabla ya kuhesabu kishikio.

Wembe wa pande mbili katika kishikio cha chuma: wembe ni shilingi 10 na hutumika mara 4. Kila akinyoa ni shilingi 2.50. Kwa mwaka ni shilingi 260. Ongeza kishikio cha shilingi 600 kinachonunuliwa mara moja: mwaka wa kwanza ni shilingi 860, na mwaka wa pili unarudi kwenye shilingi 260.

Je, kishikio cha shilingi 600 kinajilipa baada ya muda gani? Ukilinganisha na sheva ya kutupa, unaokoa shilingi 7.50 kila unaponyoa. Gawa 600 kwa 7.50, unapata 80. Kwa anayenyoa mara mbili kwa wiki, hizo ni wiki 40. Baada ya hapo faida ni yako, na kishikio kizuri cha chuma kinaweza kudumu miaka mingi.

Kinachoshangaza wengi katika hesabu hii ni kwamba sheva ya kutupa, ambayo huonekana ya bei nafuu kwa sababu unaipata kwa sarafu chache, inagharimu mara nne ya wembe wa pande mbili kila unaponyoa. Ununuzi wa kidogo kidogo una bei yake.

3. Fanya wembe udumu

Gharama ya kunyoa hupungua pia ukiongeza idadi ya mara unazotumia wembe mmoja. Ili kufanya hivyo, elewa kwanza unavyokuwa butu.

Chuma cha wembe ni kigumu mara 50 hivi kuliko unywele. Inakuwaje basi kitu laini kikishinde kitu kigumu? Mwaka wa 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichunguza jambo hilo kwa darubini yenye nguvu. Waliona kwamba unywele unapopinda na kuukabili wembe kwa pembe fulani, hubandua vipande vidogo sana vya chuma kwenye makali. Makali hayalainiki tu, yanamong'onyoka.

Unywele uliolowa vizuri ni laini na hukatika kwa nguvu kidogo. Kwa hiyo:

• Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa kilicholowa maji ya moto kiasi usoni kwa dakika 2 au 3.
• Paka povu la sabuni. Si lazima ununue krimu ya mkebe. Povu zito la sabuni ya kuogea linatosha kwa watu wengi.
• Kama ndevu ni ndefu, zipunguze kwanza kwa makasi au mashine.
• Fuata uelekeo wa nywele na usikandamize. Acha uzito wa kishikio ufanye kazi.
• Suuza wembe mara kwa mara, na ukimaliza ukung'ute maji, uuache ukauke mahali penye hewa. Usiupanguse makali kwa taulo. Utajikata na kuyaharibu.

Wako wanaousugua wembe ndani ya glasi au kwenye kitambaa cha jinzi ili urudi makali. Usitegemee njia hiyo. Kipande cha chuma kilichobanduka hakirudi. Wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, au ukiona kutu, muda wake umekwisha. Kuung'ang'ania wembe butu huleta vidonda na vipele, na dawa ya kupaka ina bei kuliko wembe mpya.

4. Njia nyingine za kuzingatia

Mashine ya kunyolea. Nyumba yenye vichwa vingi vya kunyoa inaweza kununua mashine moja. Tuseme baba na wana watatu hulipa kinyozi shilingi 50 kila mmoja, mara moja kwa mwezi. Hizo ni shilingi 200 kwa mwezi. Mashine ya shilingi 1,500 inajilipa katika mwezi wa nane. Faida nyingine ni ya ngozi: mashine huacha unywele mfupi juu ya ngozi, hivyo watu wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu hupata nafuu. Vipele hivyo hutokea sana kwa watu wenye nywele za kujikunja, kwa sababu unywele uliokatwa karibu mno hugeuka na kuchoma ngozi unapoota.

Mashine nayo husafishwa kila inapohama kutoka kichwa kimoja hadi kingine, hata kwa watoto wa mama mmoja. Mapunye, ambayo wengi huita mashilingi, huenea kwa njia hiyo. Izime na uitoe kwenye umeme, ondoa nywele kwa brashi, kisha pangusa meno kwa spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke.

Poda ya kunyolea. Hii huyeyusha nywele kwa kemikali, wala haihitaji wembe. Soma maagizo, usizidishe muda, na usiipake penye kidonda. Ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na ungoje siku moja uone kama ngozi inaikubali.

Kufuga ndevu. Kama kazi yako inaruhusu, ndevu zilizopunguzwa vizuri kwa makasi hazigharimu kitu.

5. Mahali ambapo hatubani matumizi

Wembe hukwaruza ngozi hata pale ambapo huoni damu. Wembe uliotumiwa na mtu mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na pia virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo wembe ulioachwa dirishani tangu Jumapili, ukaonekana mkavu na safi, bado unaweza kumwambukiza mtu Ijumaa.

Watoto wetu wachanga hupata chanjo ya homa ya ini aina ya B wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Lakini watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo hiyo haijaanza kutolewa kwa watoto nchini. Wembe wa baba si wa mwana, na wembe wa mama si wa binti, hata kama wanapendana. Tenga wa kila mmoja na uweke alama kwenye kishikio, kwa mfano uzi wa rangi.

Kwa kinyozi. Una haki ya kuona wembe ukifunguliwa. Uliza kwa heshima tu: "Kijana, wembe huu ni mpya?" Kinyozi mwema atajibu, "Ndiyo mzee, naufungua mbele yako." Ukipenda, beba wako mfukoni. Nawe kinyozi, mteja akiuliza usikasirike. Anakusaidia kulinda jina la kazi yako. Vitana na vifaa vya plastiki vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika 10 katika jik iliyochanganywa na maji: kipimo 1 cha jik kwa vipimo 6 vya maji, ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5. Kisha visuuzwe na vikaushwe.

Kwenye matanga. Hapa kwetu, siku chache baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa nywele. Ni desturi yenye heshima na hakuna anayesema iachwe. Tatizo ni pale wembe mmoja unapopita kichwa baada ya kichwa, wazee na watoto wakiwa wamepanga foleni. Wafiwa 20 wanahitaji nyembe 20. Kwa bei yetu ya mfano, hizo ni shilingi 200. Kamati ya mazishi iziandike katika bajeti pamoja na sukari na majani chai, na mnyoaji akabidhiwe nyembe hizo zikiwa zimefungwa. Marehemu ataheshimiwa vilevile, na hakuna atakayeondoka pale na ugonjwa.

6. Wembe uliokwisha usiuache shambani

Wembe uliotupwa kwenye takataka humkata mtoto anayecheza, au anayelima bila viatu. Chukua mkebe wa bati uliokwisha, toboa mfuniko upenyo mwembamba, na uwe unatumbukiza nyembe humo. Mkebe mmoja unaweza kuchukua nyembe za nyumba kwa miaka. Ukijaa, ufunge kabisa na uutumbukize katika choo cha shimo, au uulize kituo cha afya kilicho karibu kama wanaweza kuupokea.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika chama

1. Nyumbani kwenu mnanyoa kwa njia gani? Andikeni bei na idadi ya mara, kisha mtafute gharama ya kunyoa mara moja.
2. Mkinunua kishikio cha chuma leo, kitajilipa baada ya wiki ngapi kwa bei za duka lenu?
3. Matanga yaliyopita katika kijiji chenu, kila mfiwa alikuwa na wembe wake? Nani atalikumbusha jambo hili safari ijayo?
4. Nyembe zilizokwisha ziko wapi sasa hivi?

Swali la tatu lisipopata jibu, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu aje azungumze nanyi kabla ya matanga mengine kuwakuta.