Kuvuka Mpaka Kwenda Kazini: Haki na Wajibu

Ndugu wananchi wa Busia na Tororo, wengi wenu hulala upande mmoja wa mpaka na kuchuma riziki upande wa pili. Haki hiyo imo katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Hata hivyo, kitambulisho cha taifa humruhusu Mkenya au Mganda kuvuka tu; si kibali cha kazi. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuutia sahihi. Mwenye hati halali akidhulumiwa ujira, hufika polisi bila hofu. Aliyepita njia za panya hujificha, na mwajiri mdhalimu hulijua hilo.