Mpeni Mpiga Kinubi Kazi Barazani

Kikundi kikiigiza historia ya Buganda, kosa la haraka ni kumweka msimulizi pembeni na maikrofoni yake, akieleza kila kitu kama mtangazaji wa mpira. Mtoeni huko. Kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, mwimbaji na mpiga ala walikuwa watumishi wa ikulu wenye kazi yao. 

Chukueni Februari 1862, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke anapokelewa na Kabaka Muteesa wa Kwanza. Speke aliandika kwamba wanamuziki walimpita wakicheza, ngozi za mbuzi zenye manyoya marefu mgongoni, wakipuliza ala za matete zilizopambwa kwa shanga. Basi kanzu na koti, vazi la harusi za siku hizi, viacheni nyumbani. Tafuteni ngozi na vazi la gome la mti.

Halafu kuna wakalimani. Neno la Speke lilipitia kwa Bombay, likaenda kwa Nasib, ndipo afisa wa Kabaka akalifikisha. Kiswahili, kilichowaunganisha Bombay na Nasib, kilikuwamo barazani siku ile! Msiufupishe mlolongo huu. Andikeni sentensi fupi, kila mkalimani aongeze heshima kidogo, na watazamaji watacheka bila kuchekeshwa.

Sehemu ngumu ni pale ambapo Kabaka na mgeni walikaa wakitazamana karibu saa nzima. Ipunguzeni iwe dakika tatu, kisha mpeni nafasi mpiga ennanga. Hapo mnabuni, kwa hiyo apige tu bila kuimba. Msimwekee mtu wa 1862 maneno ya kwenu. Ennanga ni kinubi cha nyuzi nane, chenye pete za ngozi ya kenge zinazoifanya sauti ikwaruze. Sauti yenyewe ni ndogo. Wasogezeni watazamaji wakae mkekani, hatua chache kutoka kwa mpigaji. Mkileta spika kubwa, mtasikia spika, kinubi hamtakisikia.

Mpigaji wenu asikilize rekodi ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizifanya mwaka 1950 na 1952, kabla ya shambulio la Mei 1966 dhidi ya Lubiri, ikulu ya Kabaka, kuwatawanya wanamuziki wa ikulu. Amtafute hasa Temuteo Mukasa, aliyempigia Kabaka ennanga. Kisha aende Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, akazione ala kwa macho yake.

Mkifika kwenye sifa za watu, punguzeni kasi. Kila ukoo wa Baganda una omubala wake, mdundo wa ngoma wenye maneno yake, na hauazimwi. Kamuulizeni mzee wa ukoo husika kabla ya kuandika mstari wowote. Mkiukosea, mzee wa safu ya mbele akiinuka na kuondoka, msimlaumu.