Moto wa Injini Usiwahi, Usichelewe

Watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja, kila mtu hushusha mchi kwa zamu yake. Mmoja akiwahi, michi inagongana. Akichelewa, kazi haiendi. Injini ya petroli nayo ni hivyo hivyo.

Ndani ya silinda mna pistoni. Ikipanda, hukandamiza hewa iliyochanganyika na petroli. Plagi inatoa cheche, petroli inawaka, moto unasukuma pistoni chini. Ndipo gari linakwenda.

Lakini petroli haiwaki yote kwa mara moja. Tuseme inachukua sekunde moja ukiigawa mara 500. Kwa hiyo plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu. Kuwahi huko hupimwa kwa digrii. Mzunguko mmoja wa injini ni digrii 360.

Tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, katika muda huo mdogo inageuka digrii 7 hivi. Ikizunguka mara 3,000, inageuka digrii 36. Basi injini ikienda mbio, cheche lazima iwahi zaidi.

Katika magari ya zamani kazi hii hufanywa na distributa. Fundi huilegeza, akaizungusha kidogo, akaikaza tena. Katika magari mapya kompyuta ya gari hufuata jedwali. Tazama mfano huu. Ni wa kujifunzia tu, usiutumie katika gari.

Mizunguko kwa dakika | Mzigo mwepesi | Mzigo mzito
1,000 | digrii 14 | digrii 8
2,000 | digrii 28 | digrii 18
3,000 | digrii 36 | digrii 26

Soma hivi: tafuta mizunguko upande wa kushoto, kisha nenda kulia mpaka kwenye mzigo. Gari lililojaa magunia likipanda mlima kwa mizunguko 2,000 linataka digrii 18. Mzigo ukiwa mzito, silinda hujaa zaidi na moto huwaka upesi. Ndiyo maana namba inapungua.

Cheche ikiwahi mno, injini inagonga, kama changarawe ndani ya debe. Usidharau sauti hiyo. Pistoni yaweza kutoboka. Sisi wa Nansio tuko kisiwani. Kipuri kikikosekana hapa, ni kuvuka ziwa mpaka Mwanza, na gari limelala. Cheche ikichelewa mno, gari halina nguvu, injini inachemka na petroli inakwisha bure.

Fundi anayerekebisha jedwali afanye hivi:

1. Aanze na namba za kitabu cha gari.
2. Aandike namba ya zamani daftarini kabla ya kuibadili.
3. Abadili digrii 1 au 2 tu, kisha ajaribu gari.
4. Akisikia kugonga, apunguze digrii mara moja.

Mwenye gari, mwombe fundi akuonyeshe daftari hilo. Kusoma unajua. Usikubali kubahatishiwa.

Maswali

1. Kwa nini cheche hutolewa kabla pistoni haijafika juu?
2. Katika jedwali letu, mizunguko 3,000 na mzigo mzito ni digrii ngapi?
3. Fundi akipunguza digrii 2 hapo, zitabaki ngapi?