Kiumbe Mwenye Njaa ya Chumvi

Leo tunataka kupima filamu moja ya televizio. Kupima si kusema tu kwamba imetupendeza ao haikutupendeza. Ni kuuliza: imefanya kazi gani vizuri, na imeanguka wapi?

Tumechagua "The Man Trap", sehemu ya Star Trek iliyotangulia kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Aliyeiandika ni George Clayton Johnson. Tumeichagua juu ya sababu mbili: ndani yake mnasemwa Kiswahili, na ndani yake mna swali ambalo sisi watu wa Kivu tunalijua bila kupanda chombo cha anga.

Habari yake ni hii. Kapiteni Kirk na daktari McCoy wanashuka kwenye sayari kavu anapokaa profesa Crater na mke wake Nancy. Zamani McCoy alimpenda Nancy huyo. Jambo la ajabu, kila mtu anamwona Nancy kwa sura nyingine: daktari anaona kijana, kapiteni anaona mama mwenye mvi, na askari mmoja anaona msichana asiyefanana naye hata kidogo. Kumbe Nancy wa kweli alikufa zamani. Yule anayeonekana ni kiumbe wa sayari ile, wa mwisho wa kabila lake, anayeishi kwa chumvi na anayeweza kugeuza sura yake machoni pa watu. Akikosa chumvi, anaivuta katika mwili wa mtu, na mtu anakufa.

Uzuri wa kwanza: filamu haitupi adui mubaya tu. Profesa anajua kabisa kwamba kiumbe huyo ndiye aliyemwua mke wake, na bado anakaa naye nyumba moja. Juu ya nini? Juu ya upweke, na juu ya kwamba hakuna mwingine duniani mwao. Anamfananisha na nyati wa Amerika. Mfano huo si wa kubuni: nyati hao walikuwa mamilioni, na mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya 1000. Sisi hatuna lazima ya kwenda mbali hivyo. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliwekwa mwaka 1970, lakini katika vita vya miaka ya 1990 tembo wa upande wake wa milima waliuawa karibu wote. Na mtu mwenye njaa anayeingia porini kutega nyama, tutamwita nani? Filamu inauliza vile vile, bila kumwonea huruma mmoja na kumsahau mwingine.

Uzuri wa pili ndio mkubwa, na wengi wetu hatukuuona mara ya kwanza. Wakubwa wa chombo wanafanya mkutano: tumfanyeje kiumbe huyu? Daktari McCoy anasema kwa utulivu kwamba angepewa chumvi waziwazi, hangekuwa na sababu ya kuua. Kapiteni anakataa. Sasa angalieni: yule si McCoy! Ni kiumbe mwenyewe, amevaa sura ya daktari na kukaa mezani, anajiombea uzima. Kapiteni hamjui. Tuliporudia sehemu ile, darasa lilinyamaza.

Tuje kwenye upungufu. Msichana wa mitambo ya mawasiliano, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, anakutana na mwanaume mweusi asiyemjua, naye anamsemesha Kiswahili. Ni kiumbe tena, amechukua sura ya mtu ambaye Uhura alikuwa anamfikiri. Tulifurahi kusikia lugha yetu kati ya nyota, tusikatae. Lakini maneno ni machache na matamshi si ya mtu aliyelelewa nayo. Tena lugha inatumiwa kama chambo tu: Uhura anaitwa kazini, anapona, na Kiswahili hakisikiki tena mpaka mwisho. Hata jina lake limetoka katika "uhuru", neno ambalo Afrika yote ya mashariki ililiimba miaka ile. Wakaweka "a" mwishoni ili lisikike la kike. Wandugu, wamwulize Juma kama "a" imemfanya mwanamke!

Upande wa sayansi, chumvi imechaguliwa vema. Mwili hauishi bila chumvi. Ile seramu ya hospitali ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Lakini kuivuta yote katika ngozi kwa dakika moja, kwa vidole, hapo mwandishi ametuomba tusiulize. Tunamsamehe kuliko tunavyomsamehe profesa wake. Huyo tangu siku ya kwanza anamwomba kapiteni chumvi, lakini hasemi ni ya nani. Neno moja la kweli lingeokoa watu, naye mwenyewe pia, maana kiumbe alimwua. Filamu inahitaji anyamaze ili hadithi iendelee. Sababu yake ya kunyamaza haielezwi ya kutosha.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza: "Kwani chumvi ilikosekana ndani ya chombo kikubwa vile?" Haikukosekana. Mwishoni kapiteni anaitoa kweli, anamnyoshea kiumbe vidonge vya chumvi. Mkono wa pili umeshika silaha. Na anayepiga risasi ya mwisho ni McCoy wa kweli, wakati kiumbe amekwisha kurudia sura ya Nancy na anamwita kwa jina.