Picha Safi, Goti Bovu: Gegedu ya Mwanariadha na Lugha ya Kuielezea MRI

Neno picha lilimponza binamu yangu. Yeye ni mkimbiaji wa masafa marefu, na goti lake lilipoanza kuvimba alipelekwa kupigwa eksirei. Aliambiwa kwamba picha ni safi, naye akarejea mazoezini. Miezi michache baadaye, kushuka ngazi kukawa mateso. Makala haya yananuia kubainisha kile ambacho picha ile haikuweza kukionyesha, kile ambacho MRI hukionyesha, na iwapo Kiswahili tunachokitumia kinamwezesha mwanariadha kuijua tofauti hiyo mapema.

Gegedu ni tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa inapokutana kiungoni. Sehemu yake kubwa, kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito, ni maji. Maji hayo huvutwa na molekuli za proteoglikani, nazo hushikiliwa na wavu wa nyuzi za kolajeni. Ikumbukwe kwamba gegedu haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa hivyo hupona kwa shida mno na, la kuogofya zaidi, huweza kuchakaa pasi na mwenyewe kuhisi lolote. Maumivu huja baadaye, yakitoka katika mfupa ulio chini yake au utando unaozingira kiungo.

Katika eksirei, gegedu haionekani. Daktari huona mifupa na mwanya ulio baina yake. Mwanya ukipungua ndipo hukisia kuwa gegedu imelika. Kufikia hapo, mengi huwa yamekwisha kuharibika.

MRI, kwa upande wake, hutumia sumaku yenye nguvu, aghalabu ya tesla 1.5 au 3, pamoja na mawimbi ya redio. Viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili huitikia sumaku hiyo, hutikiswa na mawimbi, kisha hurejea katika hali yake vikitoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa taswira. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa mchango wao katika mbinu hii. Kwa kuwa gegedu imejaa maji, hapa hujieleza yenyewe. Aidha, muda ambao ishara huchukua kufifia, uitwao T2, huweza kupimwa na kuchorwa kama ramani ya rangi. Kolajeni ikivurugika na maji yakizidi, T2 hurefuka hata kabla ya ufa kuonekana.

Hata hivyo, tusiitukuze mashine kupita kiasi. Mbio hukamua maji kutoka katika gegedu na kuipunguza unene kwa muda. Atakayepimwa mara tu baada ya mazoezi atasomeka tofauti na aliyepumzika. Hali kadhalika, wapo wanariadha wasio na maumivu yoyote ambao MRI huwaonyesha kasoro. Daktari hana budi kulishika goti lenyewe na kumsikiliza mwenye goti.

Na atamsikiliza kwa maneno gani? Katika mazungumzo ya kila siku, eksirei ni picha na MRI pia ni picha. Gegedu ikichakaa, husemwa kwamba mfupa umelika. Neno gegedu limo kamusini, ila vinywani ni adimu. Napendekeza tuseme picha ya mifupa kwa eksirei na taswira ya sumaku kwa MRI. Wapo watakaotaka neno mwangwi liingizwe ili istilahi ilingane na fizikia. Nachelea kwamba mgonjwa atadhani unazungumziwa ule mgongano wa kelele unaosikika ndani ya mashine.

Binamu yangu alipigwa MRI hatimaye, ikaonyesha gegedu iliyomomonyoka nyuma ya kilegesambwa. Alinipigia simu jioni hiyo, akaniuliza kama gegedu ni ugonjwa wa kuambukiza.